Kinyesi cha Popo: Tusiwatume Vijana Mapangoni



Bei ya mbolea ya chumvichumvi imewalemea wakulima wetu, na baadhi ya kamati zimetuandikia zikiomba fedha za kuchimba kinyesi cha popo mapangoni. Wazo lenyewe si la kuchekwa. Kinyesi hicho, kama kile cha ndege wa baharini, kina naitrojeni na fosforasi kwa wingi. Katika visiwa vya Chincha nchini Peru, ambako mvua ni haba sana, kinyesi cha ndege kilirundikana hadi kupita mita 30. Kuanzia miaka ya 1840 kilipelekwa Ulaya na Marekani kwa meli, kikawa tegemeo kubwa la hazina ya Peru kwa miaka mingi. Waliokichimba, wengi wao vibarua walioletwa kutoka China, walishinda katika vumbi lake, na wengi walifia huko huko.

Hapa kwetu kuna hatari zaidi ya vumbi. Ndiyo, vumbi la kinyesi cha popo huweza kubeba kuvu inayoshambulia mapafu. Lakini pia wapo popo wala matunda wanaolala mapangoni, ambao hubeba virusi vya Marburg. Mwaka 2007 wachimba madini waliugua Marburg katika mgodi wa Kitaka, Uganda, na virusi hivyo vikapatikana kwa popo wa humo. Wagonjwa wawili waliofariki Kenya, mwaka 1980 na 1987, walikuwa wametembelea pango la Kitum, Mlima Elgon. Kitambaa cha puani hakitoshi kumkinga kijana anayeshinda mle na koleo.

Kuku naye ni ndege. Samadi yake ina naitrojeni nyingi kuliko ya ng'ombe, ndiyo maana ikiwa mbichi huunguza mimea. Ichanganyeni na mabua makavu, iloweshwe kidogo, ipinduliwe mara kwa mara mpaka ipoe na harufu kali iishe. (Akina mama vijijini wanaijua kazi hii kuliko sisi wa ofisini.) Anayepindua afunike pua na mdomo, kisha anawe mikono kwa sabuni.

Maombi ya kuchimba mapangoni tumeyarudisha kwa kamati husika. Yakiandikwa upya kwa ajili ya mabanda ya kuku, yatufikie mapema, kwani samadi huhitaji miezi kadhaa kuiva kabla ya kupanda.