Taki: Mji Mdogo Mbele ya Mto Ichamati



Sisi wa kamati ya fedha tuliombwa tuzungumzie idadi ya watu na maendeleo. Tumechagua mfano wa mbali, ili pasiwe na kijiji hapa kitakachosema kimepunjwa.

Mji wenyewe unaitwa Taki. Uko katika jimbo la West Bengal nchini India, kilomita kama 70 mashariki ya Kolkata, na wenyeji wake huzungumza Kibengali. Mbele ya mji unapita mto Ichamati. Ng'ambo ni wilaya ya Satkhira, Bangladesh. Mpaka uko katikati ya maji. Kabla ya 1947 hapakuwa na mpaka hapo, na mpaka leo kingo zote mbili zina lugha moja. Siku ya kuzamisha sanamu za Durga, mashua za pande mbili huingia mtoni. Zamani zilichanganyika, siku hizi askari wa mpakani huzitenga.

Ardhi yake ni tambarare na iko chini, si mbali na mikoko ya Sundarbans. Mto hupanda na kushuka pamoja na bahari, hivyo mashamba ya ukanda huo yanalindwa na matuta ya udongo. Kimbunga Aila cha Mei 2009 na Amphan cha Mei 2020 vilibomoa matuta mengi, maji ya chumvi yakaingia. Shamba lililokunywa chumvi halirudi kwa msimu mmoja.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiyo kazi yetu. Sensa ya 2001 ilikuta Taki watu 37,302. Ya 2011 ikakuta 38,263. Ongezeko ni watu 961 kwa miaka kumi, chini kidogo ya asilimia 2.6. Katika kipindi hicho jimbo zima liliongezeka kwa karibu asilimia 13.8. Taki ingekwenda mwendo wa jimbo, ingekuwa na watu 42,400 na zaidi. Kwa lugha ya vitabu vyetu, kuna pengo la watu kama 4,200. Uzazi mdogo unaweza kueleza sehemu ya pengo hilo, lakini sisi tunaoishi mjini tunajua sehemu nyingine iko wapi: imepanda treni ya kwenda Kolkata. Familia kubwa za wenye ardhi zilitangulia zamani, na baadhi ya majumba yao ni magofu. Wanaofika sasa ni wageni wa mwisho wa wiki, hulala nyumba za wageni zinazotazama mto, wakanunua sukari guru ya mtende msimu wa baridi, wakaondoka.

Tazameni basi ugumu wake. Tuta la udongo linahitaji mikono kila mwaka, awepo mwenyeji au asiwepo. Anayepanga kwa kukisia ataagiza udongo kidogo au madawati mengi. Sensa iliyokuwa ifuate, ya 2021, iliahirishwa kwa sababu ya korona, na vimbunga havikuahirishwa.

Fomu ya kuorodhesha kaya zetu iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Tunaomba mjaze walio nyumbani na walio mjini katika safu mbili tofauti, kisha mmpe mhazini pamoja na mchango wenu.