Ambreyaji ikiteleza njiani: namna ya kuitambua na kuitengeneza

(Maneno yaliyosemwa na wahudumu wa mashinani mbele ya wajumbe wa Baraza, wahamasishaji wa amani na mafundi wa pikipiki, Kalemie)



Mara nyingi tukikutana tunazungumza juu ya mashamba, mipaka ya vijiji, uvumi na namna ya kusikilizana. Leo tumeombwa tuzungumze juu ya ambreyaji ya pikipiki, ambayo ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa, kule Kigoma, wanaiita klachi. Labda wengine wanajiuliza: jambo hili na amani vinakutana wapi? Tuanze na swali hilo, kisha tuingie katika kazi yenyewe.

1. Jambo hili linahusu amani kwa njia gani

Baraza zetu zimewekwa ili Wabaluba na Watwa wapate mahali pa kukaa pamoja na kumaliza mashauri kwa maneno. Baraza haina askari wala gereza. Nguvu yake ni neno lake. Tukisema tutafika siku ya nne saa tatu ya asubuhi, watu wanaacha mashamba yao na kutungoja. Tusipofika, wanarudi nyumbani na hasira, na shauri lililokuwa dogo linaanza kukua.

Tena kuna jambo ambalo watu wa mjini hawalioni haraka. Pikipiki ikifia katika kijiji cha upande mmoja, tunalala hapo na kula hapo. Ikitokea mara mbili au tatu, upande wa pili wataanza kusema: "Hawa wamekula kule, wamelala kule, na shauri limepikwa kule." Hakuna aliyetaka kupendelea mtu, lakini maneno yamekwisha kutoka. Na zaidi ya hayo, kusukuma pikipiki usiku katika barabara zetu ni hatari, hasa kwa mama aliye nyuma yetu.

Kati ya magonjwa yote ya pikipiki, kuteleza kwa ambreyaji kunatoa dalili mapema. Anayezijua dalili hizo anaweza kutengeneza kabla ya safari.

2. Ambreyaji inafanya kazi gani

Katika pikipiki nyingi tunazotumia, ambreyaji iko ndani ya motere, upande mmoja, imezama katika mafuta. Ndani yake kuna diski za aina mbili zilizopangwa moja baada ya nyingine. Za kwanza zina kitambaa cha kushikia; hizo zinazungushwa na motere. Za pili ni za chuma kitupu. Hizo zinapeleka nguvu kwenye vitesi na mwishoni kwenye gurudumu. Resori zinazibana zote pamoja.

Tukivuta mkono wa ambreyaji, resori zinasukumwa nyuma, diski zinaachana, na tunaweza kubadilisha vitesi. Tukiachia, resori zinabana tena na gurudumu linapata nguvu. Diski zikishindwa kushikana sawasawa, motere inazunguka zaidi kuliko gurudumu. Hapo ndipo tunasema ambreyaji inateleza. Kusuguana huko kunaleta moto, na moto unakula kitambaa. Ndiyo sababu ugonjwa huu ukianza haukai mahali pamoja. Kila kilomita unaongezeka.

3. Kutambua kabla ya kufungua

Katika shauri la watu hatuleti hukumu kabla ya kusikiliza pande zote. Na hapa vilevile, tusifungue motere kabla ya kuiuliza maswali.

Dalili ya kwanza: tukipanda mlima na mzigo, sauti ya motere inapanda lakini mwendo haupandi. Dalili ya pili: harufu ya kuungua. Dalili ya tatu: mafuta ya motere yakitolewa ni meusi na yana harufu hiyohiyo.

Jaribio ni hili. Kwenye barabara tambarare, tuweke vitesi vya juu huku tukienda polepole, kisha tutie gazi kwa nguvu. Ikiwa ambreyaji ni nzima, pikipiki itaongeza mwendo taratibu. Ikiwa inateleza, motere italia ghafula na mwendo utabaki uleule. Jaribio hili lifanywe mara moja au mbili tu, kwa maana nalo linaunguza diski.

Tujihadhari na magonjwa yanayofanana. Ikiwa motere yenyewe haipandi sauti, inakohoa au inazimika, shida iko kwenye filta ya hewa, petroli au moto wa bujia. Ikiwa gurudumu la nyuma ni zito kuzungusha kwa mkono na mahali pa freni pana joto kali, freni imebana. Ikiwa inaruka kwa kelele ya kukatika-katika, tuangalie mnyororo na meno yake. Na ikiwa vitesi vinaingia kwa shida, na pikipiki inataka kwenda hata mkono ukiwa umevutwa, hiyo siyo kuteleza. Ni kinyume chake: diski haziachani.

4. Sababu, kuanzia ile isiyo na gharama

Kwanza, waya. Mkono wa ambreyaji lazima uwe na uhuru kidogo kabla ya kuanza kuvuta, kwa pikipiki nyingi ndogo kama milimita 10 hadi 15 kwenye ncha yake. Uhuru ukikosekana, ni kama mtu anaendesha huku amevuta mkono nusu. Jambo la kukumbuka ni kwamba diski zikichakaa uhuru huo unapungua wenyewe. Waya iliyokuwa sawa miezi michache iliyopita inaweza leo kuwa imebana, hata kama hakuna aliyeigusa. Tupime usukani ukiwa umenyooka, ukiwa kushoto na ukiwa kulia.

Pili, mafuta. Mafuta mengine ya magari yamewekewa dawa ya kupunguza msuguano. Dawa hiyo ni nzuri kwa gari, lakini diski zetu zinahitaji msuguano ili zishikane. Kwenye chupa ya mafuta ya pikipiki ya mipigo minne tutafute maandishi JASO MA. Kwa pikipiki ya mipigo miwili kama Yamaha AG100, ambreyaji inaogelea katika mafuta ya vitesi, si katika yale yanayoungua pamoja na petroli. Tusichanganye.

Tatu, resori zilizochoka. Nne, diski zilizokwisha. Na nyuma ya hayo yote mara nyingi kuna mkono wa dereva: kuendesha vidole vikiwa juu ya mkono wa ambreyaji, kupanda mlima kwa vitesi vya juu huku tukiunusisha, au kubeba watu watatu na gunia la mihogo.

5. Kutengeneza

Tuanze na waya. Tulegeze kwenye usukani, na isipotosha, tulegeze chini kwenye motere, mpaka uhuru urudi. Tujaribu tena barabarani. Ikiwa imepona, kazi imekwisha bila kununua kitu. Ikiwa hapana, tubadilishe mafuta ikiwa yale yaliyomo siyo yake, kisha tujaribu tena. Ikiwa bado, tufungue.

Motere iwe baridi. Tutoe mafuta yote ndani ya chombo. Tusimwage chini, hasa karibu na kijito. Maji yaliyochafuliwa yamekwisha kuleta ugomvi wa kutosha kati ya watu, tusiongeze mwingine.

Tutoe waya, pedali ya kuwashia ikiwa inazuia, kisha kifuniko. Bolti zinazoshika resori zilegezwe kidogo kidogo kwa kukingama, siyo moja mpaka mwisho. Diski zitolewe moja moja na kupangwa juu ya kitambaa safi kwa mfuatano uleule.

Sasa tupime. Diski za kitambaa zilinganishwe na mpya au na kipimo cha kitabu cha pikipiki. Zikiwa zimepungua kupita kipimo, zimeungua au zimepasuka, zibadilishwe zote pamoja. Diski za chuma zilazwe juu ya kioo; ikiwa zimepinda, au zimegeuka rangi ya buluu kwa moto, zisirudishwe. Resori zipimwe urefu. Hata moja ikiwa fupi, tubadilishe zote.

Kuna mafundi wanaoweka rondeli chini ya resori ili zibane zaidi, au wanaosugua kitambaa kinachong'aa kwa karatasi ya msasa. Hayo yanaweza kutufikisha nyumbani, lakini tusiyaite matengenezo.

Diski mpya za kitambaa zilowekwe katika mafuta safi usiku mzima kabla ya kufungwa. Zikifungwa kavu zinaweza kuungua siku ya kwanza. Turudishe kila kitu kwa mfuatano tuliouona. Bolti zikazwe tena kwa kukingama, bila nguvu ya kupita kiasi, kwa sababu aluminiamu hukatika upesi. Karatasi ya kifuniko inayozuia mafuta kuvuja iwe mpya. Tutie mafuta kwa kipimo, tupange uhuru wa waya, kisha tujaribu karibu na nyumbani kabla ya kwenda mbali.

6. Ikitokea njiani

Tusimame na kuacha motere ipoe. Tulegeze waya. Aliye nyuma atembee kwa mguu mlimani, mzigo upunguzwe, tutumie vitesi vya chini na gazi kidogo. Na tutume habari mapema kwa pande zote mbili zinazotungoja, kwa maneno yaleyale na saa ileile, ili upande mmoja usipate habari kabla ya mwingine. Tukilazimika kulala, wote wajue tumelala wapi na kwa sababu gani.

7. Maombi yetu

Kwa wahamasishaji: pimeni uhuru wa waya kila juma, na andikeni katika daftari la pikipiki tarehe ya kubadilisha mafuta. Kwa wanaoshika fedha za miradi: wekeni seti moja ya diski na resori katika stoki. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na mkutano uliovunjika. Kwa mafundi: pokeeni vijana wa pande zote mbili katika kazi hii. Kijana Mtwa na kijana Mluba wanaopima diski juu ya kioo kimoja hawawezi kubishana kama imepinda. Wote wawili wanaiona. Na siku pikipiki ya mmoja ikifia katika kijiji cha mwingine, atajua mlango wa kubisha.

Kesho asubuhi tutafungua pikipiki moja hapa uwanjani, mbele ya wote. Anayetaka kujifunza alete mikono yake na kitambaa safi.