Shahada ya Uzamili Isomwayo Mtandaoni: Dhamana Yake Ni Nini?



Nilikuwa nimekusudia kuzungumzia mitaala, lakini juma lile lile nilipopewa heshima ya mhadhara huu nilihudhuria kamati ya ajira, ambamo mwenzetu mmoja, mtu wa elimu na staha, alilisukuma kando jalada la mwombaji kwa sababu moja tu, kwamba shahada yake ya uzamili ilisomwa kwa njia ya mtandao, na elimu isiyopokewa mbele ya mwalimu, alisema, si elimu.

Hoja hiyo ina haiba ya hekima, ilhali ilikwisha kubatilishwa kabla babu zetu hawajazaliwa. Chuo Kikuu cha London, tangu kilipoasisiwa mwaka 1836, hakikuwa na darasa lake chenyewe; kazi yake ilikuwa kutahini na kutunuku, nacho kilimtaka kila mtahiniwa aje na cheti cha kuthibitisha kwamba alihudhuria masomo katika chuo kinachotambuliwa. Ndipo ikaja hati ya kifalme ya mwaka 1858, ambayo nakiri kuipenda kuliko inavyompasa mtu kuupenda waraka wa serikali, ikakifuta cheti hicho kwa masomo yote isipokuwa utabibu, hata karani aliyejisomea chumbani mwake usiku akaruhusiwa kukaa meza moja na kijana wa tajiri. (Wanawake walingojeshwa mpaka 1878, jambo ambalo waisifuo hati ile aghalabu hulisahau.) Tazameni basi: anachokidai mwenzangu leo ni cheti kile kile cha mahudhurio, naye amekivika kilemba cha ubora. Na chuo kishiriki kilichofunguliwa hapa Dar es Salaam mwaka 1961, katika jengo la TANU, kilianza chini ya ulezi wa London iyo hiyo. Tukiidharau misingi yake tunajidharau wenyewe. Wala sina haja ya kurefusha habari ya Nelson Mandela, aliyeipata shahada yake ya sheria kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989 akiwa angali mfungwa, wala ya Chuo Kikuu Huria chetu, ambacho wengi mliomo ukumbini mnakifahamu vyema.

Haimaanishi kwamba kila kinachouzwa kwa jina la shahada ni halali. Mwezi Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua kwamba kampuni ya Axact ya Karachi ilikuwa ikiendesha mamia ya tovuti za vyuo na shule zisizokuwapo, zenye majina kama Columbiana na Barkley, na waigizaji waliolipwa wajifanye maprofesa. Na werevu wao mkubwa ni kwamba walibuni pia vyombo vya ithibati, hata mnunuzi mwangalifu aliyeuliza ni nani aliyekiidhinisha chuo, akajibiwa na wezi wale wale. Kwa hiyo ithibati isiulizwe kwa chuo chenyewe. Iulizwe kwa mamlaka ya nchi kilipo, kisha kwa Tume ya Vyuo Vikuu ya hapa kwetu, ambayo hutambua tuzo za nje.

Mwenzangu hushikilia kwamba mtandaoni mtu aweza kutahiniwa kwa niaba ya mwingine. Ni kweli, na ukumbini pia tumewakamata wafanyao hivyo. Na kama ni thamani ya shahada yenyewe, Chuo cha Georgia Tech cha Marekani, ambacho tangu 2014 hutoa uzamili wa sayansi ya kompyuta mtandaoni kwa ada nafuu, humpa mhitimu shahada ile ile apewayo aliyeketi Atlanta, na sijaona hoja ya kuiweka chini.

Hata hivyo, baada ya mizani yote hii, mimi nimebaki na itikadi yangu ya zamani, ambayo wanafunzi wangu huicheka: siiamini shahada ya uzamili, iwe ya mtandaoni au ya ukumbini, ambayo mwenyewe hakuitetea tasnifu yake kwa mdomo mbele ya mtahini wa nje asiyelipwa kwa kumpitisha. Nawasihi basi nyote mnaokusudia kujiandikisha, kabla ya kulipa hata shilingi moja, mkiandikie chuo mkiulize mambo mawili: mtahini wa nje ni nani, na mwaka uliopita walifeli wangapi. Chuo kikijibu kwamba hakuna aliyefeli, fedha zenu zibaki mifukoni.