Kabla Fundi Hajafomati

Msikilizaji, kompyuta ya nyumbani ikikataa kuwaka hapa Kaloleni, Kisumu, hukumu hutolewa kabla ya uchunguzi. Mtoto atasema ni virusi. Jirani naye atasema ni virusi. Mashine itatiwa mfukoni, ipande bodaboda hadi mjini au Kondele, na fundi mwenye foleni ya kazi mbele yake ataitazama kidogo na kusema, "Mama, hii ni kuweka Windows upya tu." Mama atakubali, maana anachotaka ni kuiona ikiwaka. Jioni mashine inarudi, inawaka, ni nyepesi kama mpya. Na ndani hamna kitu.

Ninazungumzia hicho kisichokuwamo tena.

Nyumba nyingi za mtaa wetu zina kompyuta moja, na hiyo moja imebeba mambo ya ukoo mzima. Mna orodha ya waliochangia kamati ya mazishi. Mna picha ya nyanya, iliyopigwa skani kwa ajili ya programu ya maziko, na picha ya karatasi yenyewe ilishaharibika kwa unyevu. Mna hesabu za chama, vyeti vya kijana anayetafuta kazi, nakala ya hati ya shamba kule nyumbani, na mradi wa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno anaotakiwa kuuwasilisha wiki hii. Mashine hununuliwa nyingine, hata kama ni ile ya ex-UK iliyokwisha tumiwa na mtu mwingine. Picha ya nyanya hainunuliki.

Jambo ambalo natamani kila nyumba ilijue ni hili: kompyuta kukataa kuwaka si sawa na faili kupotea. Kinachoizuia mashine mara nyingi ni sehemu ndogo ya diski, au ni kitu kisichohusiana na diski hata kidogo. Mlango wa nyumba ukikwama, vyombo vyako bado vimo ndani. Kinachovitoa ni kufomati, yaani kufuta diski yote ili kuweka Windows upya.

Basi tuifuate mashine hatua kwa hatua. Ukibonyeza swichi pasionekane taa wala kusikika feni, kwanza usikilaumu kirusi. Kirusi ni programu, na programu haiwezi kufanya kazi kwenye mashine isiyopata umeme. Angalia chaja, jaribu soketi nyingine, jaribu chaja ya mwenzako ya aina ileile. Sisi wa kando ya ziwa tunaijua mvua ya jioni na radi zake, na tunajua stima inavyopotea na kurudi kwa kishindo. Kishindo hicho huua chaja na kuunguza bodi. Mawingu yakianza kujikusanya upande wa ziwa, chomoa waya ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Feni ikizunguka lakini kioo kikabaki cheusi, pengine na milio ya pii, pii, shaka ya kwanza ni vipande vya kumbukumbu, vile mafundi huviita RAM. Vumbi likiingia kwenye miguu yake, kompyuta haivioni. Fundi mzuri huvichomoa, akasugua miguu ile taratibu kwa kifutio cha penseli, akavirudisha, na mashine ikaamka. Hapo hakuna faili iliyoguswa.

Ikifika kwenye nembo ya kampuni kisha ikaandika kwamba haioni diski ya kuanzia, tazama ubavuni kabla ya jambo lolote: je, kuna flashi iliyosahauliwa? Baadhi ya mashine hujaribu kuanza kwa flashi hiyo, zikikosa Windows humo hukwama. Ni kisa cha zamani. Kirusi kilichoitwa Brain, kilichoandikwa na ndugu wawili huko Lahore, Pakistan, mwaka 1986, kilijificha kwenye sehemu ya diski laini ambayo kompyuta huisoma kwanza inapowashwa. Aliyesahau diski hiyo ndani ya mashine usiku, asubuhi alikiwasha kirusi kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini ukisikia diski ikigonga kwa ndani, tik, tik, tik, zima mara moja na usiwashe tena. Hiyo ni diski inayokufa, na kila jaribio la kuiwasha linapunguza nafasi ya kuokoa kilichomo. Hapa ndipo nahuzunika zaidi, kwa sababu kijana mwenye bidii huiwasha na kuizima mchana kutwa akidhani anasaidia.

Sasa virusi vyenyewe. Vipo, na Kisumu vinatembea kwa flashi. Mtu anakwenda sayba kuchapisha fomu ya mkopo wa masomo ya HELB au ya kodi ya KRA, anachomeka flashi yake kwenye mashine iliyokwisha kuguswa na flashi za watu wengi, anarudi nyumbani, anaichomeka kwake. Utakuta folda zote zimegeuka njia za mkato, na ukibofya hazifunguki vizuri. Watu hulia kwamba kazi yao imeliwa. Mara nyingi haijaliwa. Kirusi cha aina hii kimezificha folda halisi na kuweka njia zake za mkato mahali pake, ili kila unapobofya uendelee kukisambaza. Fundi anayejua kazi huzifichua kwa amri moja fupi, akamwondoa mdudu, na flashi haifomatiwi.

Njia nyingine ya virusi tunaifungua sisi wenyewe. Programu za kuvunja kufuli la Windows, zile za kuifanya ionekane imelipiwa, mara nyingi huja na agizo kwamba uzime kwanza kinga ya virusi. Mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia uani, kwa nini umwamini? Pia tunazima masasisho kwa sababu yanakula bando, na hilo nalielewa, bando si bure. Ila tukumbuke Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga faili za kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia, hadi hospitali za Uingereza zikaahirisha upasuaji. Microsoft walikuwa wametoa sasisho la kuziba tundu lile mwezi Machi, miezi miwili kabla. Ukikosa bando la kila wiki, tafuta siku moja ya mwezi uende penye waifai ya kuaminika.

Kirusi kikiivuruga Windows hadi isiwake, faili huokolewa hivi. Fundi huandaa flashi yenye mfumo wa Linux, Ubuntu kwa mfano, kwenye kompyuta safi, akaiwasha mashine yako kwa flashi hiyo bila kugusa Windows iliyoharibika. Diski yako inafunguka kama kabati. Ananakili picha, barua na hesabu hadi kwenye diski ya nje. Programu hazinakili, kwa sababu huko ndiko virusi hupenda kukaa. Njia ya pili ni kuichomoa diski na kuiunganisha kwa waya kwenye mashine nyingine yenye kinga ya virusi iliyosasishwa. Nakala zikishachunguzwa, hapo sasa afomati atakavyo. Isipokuwa kama kirusi ni cha fidia: faili zitakuwa zipo lakini zimefungwa kwa fumbo. Usikimbilie kulipa. Hifadhi diski hiyo, maana polisi wa Ulaya, Europol, pamoja na wenzao walianzisha mwaka 2016 mradi wa No More Ransom, unaotoa bure funguo za baadhi ya virusi hivyo.

Kwa wenye laptopu mpya kidogo, kuna la kuongeza. Nyingi hufunga diski yote kwa kufuli la siri liitwalo BitLocker, na mashine ikishtuka hudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umo kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uandike leo kwenye karatasi, uuweke pamoja na hati za nyumba, wakati mashine ingali inawaka. Bila ufunguo huo hata fundi hodari kuliko wote Kisumu nzima hatazifikia faili zako.

Na ninyi mafundi wetu, wengi mlijifunza kazi hii bila darasa na mnaifanya vizuri. Mteja anapowakabidhi mashine amewakabidhi pia picha za watoto wake na siri za nyumba. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta inakataza kuingia kwenye mambo ya mtu bila idhini, na idhini ya kutengeneza si idhini ya kupekua. Nawaomba jambo moja: kabla ya kufomati, mmuulize mwenyewe, "Mama, humu ndani kuna nini unachokihitaji?" Mwandike jibu lake kwenye karatasi, naye atie sahihi. Akitaja kitu hata kimoja, okoeni hicho kwanza na mumtoze gharama ya kazi hiyo. Nawe mama, ukimsikia fundi anasema ataweka Windows upya, usiitikie mpaka umeziona picha zako zikifunguka kwenye mashine nyingine.