Hesabu Isianzie KIA

Msikilizaji, siku hizi zipo kampuni za utalii zinazouza safari isiyo na hewa ukaa. Mgeni anaongeza dola kadhaa, miti inapandwa, anarudi kwao roho kwatu. Mimi nina swali moja: hesabu hiyo imeanzia wapi?

Ikianzia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), mgeni anapopanda Land Cruiser, kazi ni nyepesi. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa hewa ukaa kama kilo 2.7. Kusanya risiti za mafuta za Mto wa Mbu na Karatu, zidisha, umemaliza. Tuseme gari limekunywa lita 150 safari nzima: hizo ni kilo 400 na kidogo. Wakiwemo watalii sita, kila mmoja hafiki kilo 70. Wakiwa wawili, tuseme maharusi walio kwenye fungate, kila mmoja ana zaidi ya 200, na barabara ni ile ile.

Kisha maharusi wanapanda ndege Seronera, ndani ya Serengeti, kwenda Zanzibar, na dereva anarudi Arusha na viti vitupu, zaidi ya kilomita 300. Mafuta hayo aandikiwe nani? Na ya lori lililopeleka mboga na magodoro kambini?

Hata hivyo, hiyo yote ni chenji. Noti yenyewe iko angani. Amsterdam hadi KIA ni karibu kilomita 7,000. Kwenda na kurudi, fungu la abiria wa daraja la kawaida ni kama tani nzima, na wa daraja la juu, kwa nafasi anayojitandazia, ni kubwa zaidi. Tena Itifaki ya Kyoto ya 1997 kuhusu tabianchi ilisukuma suala la mafuta ya safari za ndege za kimataifa kwa ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, na hadi leo ripoti za nchi kuhusu hewa ukaa huyaandika pembeni, nje ya jumla. Uholanzi haiyajumlishi kwake, Tanzania nayo vivyo hivyo.

Sisemi mgeni asije. Mishahara mingi Arusha inamtegemea. Nasema anayeuza safari “isiyo na hewa ukaa” aoneshe kwenye ankara ndege, gari likiwa na watu, na gari likirudi tupu. Idadi ya watu kwa kila gari haihitaji mtaalamu kutoka nje: kwenye lango la Naabi, la kuingilia Serengeti, gari hulipiwa, na kila mtalii aliyemo hulipiwa kiingilio chake.