JINSI OMBI LA KUPANDISHA BEI YA UMEME LINAVYOPIMWA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kalenga)



Tumekuja kusema juu ya jambo ambalo kila mwenye taa nyumbani mwake hulilalamikia, lakini ni wachache wanaolichungua. Jambo lenyewe ni bei ya umeme: ni nani anayeipanga, kwa hesabu gani, na sisi tulio mbali na mji mkuu tuna sauti gani katika mpango huo. Hatukuja kulitetea Shirika la Umeme, wala hatukuja kulishitaki. Twataka kila mmoja wetu atoke hapa akijua ombi la kupandisha bei hupita njia gani, na ni mahali gani katika njia hiyo neno la mteja laweza kubadili hesabu.

Pengine mtu atauliza, habari hii yaihusu nini Kalenga? Jibu li karibu. Maji ya Ruaha Mdogo yapitayo hapa petu huingia Ruaha Mkuu, hufika katika bwawa la Mtera na kuzungusha mitambo yenye nguvu ya megawati 80, kisha huizungusha mitambo ya Kidatu yenye megawati 204. Yakitoka huko huingia Rufiji, katika bwawa la Julius Nyerere, ambalo mtambo wake wa kwanza, katika mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, ulianza kutoa umeme Februari 2024. Basi hesabu ya umeme yaanza katika mito yetu. Mvua ikikosekana, Mtera hupungua. Na maji yakishuka hata mita 690 juu ya usawa wa bahari, mitambo ya hapo haina budi kusimama. Ndivyo ukame wa mwaka 2011 ulivyoitia nchi katika giza la zamu, na Shirika likalazimika kununua umeme wa mafuta, ambao ni ghali mno kuliko ule wa maji. Gharama ile ilikuja baadaye kuomba kulipwa, na mlango iliobisha ni huu tunaoueleza leo.

Kwanza yafaa tujue kwa nini kuna mlango. Mtu akiona mahindi ni ghali kwa muuzaji mmoja sokoni, humwendea jirani yake. Lakini mwenye nguzo na nyaya ni mmoja, nasi hatuna wa pili wa kumwendea. Mahali pasipo na muuzaji wa pili, muuzaji aweza kutaja bei apendayo. Na kwa upande mwingine, wanunuzi wakiwa wengi wenye makelele, waweza kumshurutisha auze kwa hasara hata nguzo zioze. Kwa hiyo sheria imeweka mwamuzi kati yao. Kwetu Tanzania mwamuzi huyo ni Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na kuanza kazi mwaka 2006. Shirika lenyewe, TANESCO, lina umri mkubwa zaidi, maana asili yake ni kampuni ya mwaka 1931.

Sasa njia ya ombi ni hii. Shirika huandika ombi lake pamoja na hesabu zake na sababu zake, na kulipeleka kwa Mamlaka. Mamlaka hulitazama kama limekamilika, kisha hulitangaza magazetini ili kila mtu ajue limeombwa nini. Hufuata mkutano wa taftishi, ambapo Shirika husimama mbele ya watu na kujieleza, na watu huuliza na kupinga. Huko hufika pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, ambalo kazi yake ni kusema kwa niaba ya wateja. Maoni ya maandishi hupokewa vilevile. Baadaye wataalamu wa Mamlaka hupima kila fungu la gharama, Bodi huamua, na uamuzi hutolewa kuwa amri. Asiyeridhika, awe Shirika au mteja, aweza kukata rufani katika Baraza la Ushindani.

Ndugu zetu, tuje sasa katika kiini cha jambo, ambacho makarani watakifahamu upesi kuliko watu wengine. Mamlaka haiulizi, "Je, Shirika lataka fedha ngapi?" Huuliza, "Je, ni fedha ngapi zinazohitajiwa kwa haki ili umeme upatikane?" Jawabu lake hujengwa kwa mafungu manne. La kwanza ni gharama za kazi: mishahara, mafuta, umeme ulionunuliwa kwa wengine, matengenezo. La pili ni uchakavu wa mali, maana transfoma ya leo itakufa siku moja na lazima inunuliwe nyingine. La tatu ni kodi. La nne ni faida ya haki juu ya mali iliyowekwa kazini, kwa kuwa mtaji nao una gharama yake. Mafungu hayo yakijumlishwa, hugawanywa kwa yuniti zitakazouzwa, ndipo ipatikane bei ya wastani.

Tutoe mfano wa kubuni, ili kila mtu ashike kalamu. Shirika dogo lina gharama za kazi na kodi shilingi 600,000, uchakavu 100,000, na mali ya 1,000,000 inayostahili faida ya asilimia 8, yaani 80,000. Jumla ni 780,000. Likisema litauza yuniti 3,000, bei ni shilingi 260 kwa yuniti. Mpimaji akiona ya kuwa shilingi 60,000 zilitumika ovyo, akazifuta, jumla yawa 720,000 na bei yashuka kuwa 240. Lakini tazameni: akigundua pia ya kuwa yuniti zitakazouzwa ni 4,000 wala si 3,000, na gharama hazikuongezeka, bei yashuka kuwa 180. Watu wengi hugombana juu ya mishahara ya wakubwa, wakasahau kuuliza makisio ya mauzo, na huko ndiko shilingi nyingi zaidi zilikojificha.

Kwa hiyo mpimaji mwema ana maswali yake. Je, gharama hii ilikuwa ya lazima, au mtu mwenye busara angeiepuka? Je, mali hii inafanya kazi, au imewekwa katika hesabu ili iongeze faida? Umeme unaopotea njiani, kwa nyaya mbovu au kwa wizi, ni kiasi gani mteja mwaminifu aulipie, na kiasi gani Shirika lijilaumu lenyewe? Mikataba ya kampuni za kuzalisha umeme, ambayo hudai malipo ya mitambo hata ikiwa imelala bila kuwashwa, iliandikwa kwa uangalifu? Na madeni ya wasiolipa, hasa ofisi za Serikali, ni haki yapandishe bei ya wanaolipa? Swali hili la mwisho si dogo. Machi 2017, akiwa Mtwara, Rais Magufuli aliliagiza Shirika likate umeme wa wadaiwa sugu wote, hata kama mdaiwa ni Serikali.

Jumla ikiisha kujulikana, hubaki swali la pili: nani aibebe? Hapo wateja hugawanywa katika makundi. Tangu mwaka 2014 mtu wa nyumbani asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi aliwekwa katika kundi la D1, kwa shilingi 100 kila yuniti, na 350 kwa kila yuniti izidiyo hapo. Wateja wa matumizi ya kawaida, kundi la T1, ambalo lina nyumba, maduka na mashine za kusaga, walipangiwa shilingi 292 katika amri ya Aprili 2016, mbali na kodi na tozo. Bei ya mwenye taa chache inapokuwa chini ya gharama, mzigo wake hubebwa na wengine, akiwamo msagaji. Na msagaji naye huurudisha katika bei ya kusaga debe la mahindi. Basi hata mama ambaye hana umeme nyumbani analipa umeme pale mashineni. Yeye hahudhurii taftishi, na ni wajibu wetu tumkumbuke.

Sasa tuzitazame hukumu zilizokwisha kutolewa. Bei zilizoanza Januari 2011, Shirika liliomba nyongeza ya asilimia 34.6, likapewa 18.5. Januari 2012, baada ya ukame tuliousema, liliomba 155 kwa dharura, likapewa 40.29. Kwa Januari 2014 liliomba 67.87, likapewa 39.19. Na mwisho wa mwaka 2016 liliomba 18.19, Mamlaka ikakubali 8.53.

Katika tarakimu hizi yako mafundisho mawili. La kwanza, mara tatu katika nne kilichotolewa kilikuwa karibu na nusu ya kilichoombwa. Mtu aweza kufurahi akasema, "Mwamuzi ametutetea." Lakini mwombaji akijua ya kuwa atakatwa nusu, ataomba mara mbili. Kwa hiyo tusimsifu mwamuzi kwa asilimia aliyokata. Tumsifu kwa sababu alizoandika, fungu kwa fungu. La pili ni la hesabu. Mtu akijumlisha 18.5, 40.29 na 39.19 hupata pungufu ya 100, akadhani bei haikufika mara mbili. Sivyo. Kila nyongeza huzaliwa juu ya mgongo wa ile iliyotangulia. Kilichokuwa shilingi 100 kwa wastani mwisho wa mwaka 2010 kilikuwa kama shilingi 231 Januari 2014. Mishahara yetu, Bwana Mwenyekiti, kila mmoja aitazame mwenyewe.

Bei hupungua pia. Aprili 2016 zilishushwa kwa asilimia 1.5 mpaka 2.4, na ada ya mwezi ya shilingi 5,520 ikafutwa kwa wateja wa T1. Magazeti yalishika asilimia, lakini kwa mtu mdogo faida ilikuwa katika ada: asilimia 2.4 ya ankara ya shilingi 20,000 ni shilingi 480 tu. Tusome amri nzima, tusisome kichwa cha habari peke yake.

Hatuwezi kumaliza bila kulieleza lililotokea siku zilizofuata uamuzi wa 8.53. Bei mpya ilikuwa ianze tarehe 1 Januari 2017. Kabla haijaanza, Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, aliisimamisha. Na siku hiyo ya mwaka mpya Rais Magufuli akamwondoa Mkurugenzi Mtendaji wa Shirika, Mhandisi Felchesmi Mramba. Wananchi wengi walishangilia, na hakuna wa kuwalaumu, kwa kuwa mzigo uliondolewa mabegani mwao. Lakini sisi tulio watu wa daftari tuna swali moja. Kama taftishi ilifanywa, na gharama zikaonekana kuwa za lazima, gharama hizo zilikwenda wapi? Gharama haifi kwa kukataliwa bei. Huwa deni, au huwa nguzo isiyobadilishwa, au hulipwa na Hazina kwa kodi zetu.

Hatusemi Serikali haina haki ya kuwahurumia watu. Waliochaguliwa wana haki ya kusema, "Nchi haiwezi kubeba mzigo huu sasa." Twasema tu ya kuwa huruma hiyo iandikwe: Hazina itoe ruzuku inayoonekana katika bajeti, ili kila mtu ajue ni kiasi gani na kimetoka wapi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na kama hesabu ya Shirika ilikuwa na uongo, mahali pa kuufunua ni katika taftishi yenyewe, mbele ya watu wote, ili mwombaji wa mara ijayo aogope.

Basi tufanye nini sisi wa Kalenga? Twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama mwenye mita aweke stakabadhi zake za LUKU za mwaka mzima, na aandike siku umeme ulipokatika na saa uliporudi. Malalamiko yasiyo na tarehe ni upepo. Yenye tarehe ni ushahidi. Pili, Halmashauri iteue makarani wachache wajifunze kusoma ombi likitangazwa, wakilinganisha makisio ya mauzo, upotevu wa umeme na madeni, na waonane na Baraza la Watumiaji mapema. Tatu, siku ya taftishi ikifika, chama kipeleke maandishi ya kurasa mbili yenye swali moja moja juu ya fungu moja moja, wala si hotuba ya hasira. Mwenye kusema "bei ni kubwa mno" hujibiwa kwa pole. Mwenye kuuliza, "Kwa nini mwaka huu mmekisia mauzo madogo kuliko ya mwaka jana?" hawezi kujibiwa ila kwa tarakimu.

Bei kupandishwa si dhuluma, maana umeme una gharama. Dhuluma ni kupandishwa bila kuonyeshwa hesabu. Na kushushwa bila hesabu nako ni deni ambalo watoto wetu wataletewa ankara yake. Kazi yetu ya ukarani imetufundisha kutotia sahihi katika karatasi tusiyoisoma. Na tuisome hii pia.