Betri Inakufa Usiku: Nani Anaila?

Ndugu zangu madereva wa Kawangware na Kangemi, kabla hujakopa pesa ya betri mpya, ngoja kwanza. Injini ikinguruma, betri isome volti 13.8 mpaka 14.4 hivi. Ikibaki 12, angalia alterneta na mkanda wake, betri usiisingizie.

Lakini ikichaji sawa na alfajiri bado mnasukuma, kuna mwizi. Zima kila kitu, funga milango, fungua waya wa hasi, weka mita ya ampea kati yake na betri. Subiri nusu saa. Ikizidi miliampea 50, chomoa fyuzi moja moja mpaka ishuke. Haishuki? Kwa matatu zetu, hapo shuku redio iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri. Na usiwashe injini mita ikiwa hapo, utaiunguza.